Hodi ya Namba 64

Siku ya soko Munanila, kwenye milima ya Buhigwe jirani na Burundi, mama muuza maharage anamkopesha mteja debe moja. Daftari hana. Anatoa simu, anaandika jina na deni, anabonyeza "hifadhi", kisha anaendelea kupima. Mimi nilibaki nimeitazama ile simu.

Programu aliyoitumia hairuhusiwi kugusa hifadhi ya simu. Anayeruhusiwa ni kerneli, kiini cha mfumo endeshi. Kwenye Android kerneli hiyo ni Linux, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991. Programu ikitaka kitu, sharti ipige hodi. Ufundi wa kuipokea hodi hiyo ndio ninaouvulia kofia.

Kwanza, mgeni hachagui mlango. Kwenye prosesa ya ARM ya biti 64, programu inaweka namba ya shida yake katika rejista x8, kisanduku kidogo ndani ya prosesa: kusoma faili ni 63, kuandika ni 64. Maelezo yanakaa x0 hadi x5. Kisha inatoa amri moja, svc. Papo hapo prosesa inapanda daraja kutoka EL0, ngazi ya programu, kwenda EL1, ngazi ya kerneli, inaweka alama pale programu ilipoishia, na kurukia sehemu ambayo kerneli iliipanga tangu simu inawashwa. Mgeni ametaja namba tu. Njia ni ya mwenye nyumba.

Ndani, kabla ya kuulizwa shida, mgeni anatunziwa mizigo. Rejista zake 31 zinawekwa kwenye steki, rundo la kumbukumbu la kerneli yenyewe. Ndipo namba inapopimwa: imo katika jedwali la huduma? Isiyomo inajibiwa -38, maana yake huduma hiyo haipo. Hakuna ugomvi.

Zamani kipimo hicho kilionekana kinatosha. Januari 2018 ikatangazwa kasoro iitwayo Spectre: prosesa, kwa haraka yake, hubahatisha jibu la kipimo na kutangulia kazini kabla halijatoka. Namba mbovu ingeweza kuipeleka nje ya jedwali, na nyayo zake zikavujisha siri. Mafundi wakaongeza hesabu fupi inayogeuza namba iliyovuka mpaka kuwa sifuri, bila kuacha njia panda ya kubahatishia. Ni amri chache mno, lakini zimekaa mahali penyewe.

Jedwali likishaonyesha huduma ya 64, bado kuna maandishi ya mama. Kerneli inahakikisha kwanza kwamba anwani iliyopewa iko upande wa programu, ndipo inanakili maneno kuyaingiza kwake. Nakala ikishaingia, programu hata ikibadili maneno yake huko nje, yaliyopokelewa hayaguswi.

Mwisho, x0 inabeba jibu: idadi ya baiti zilizoandikwa, au namba hasi ya kosa. Mizigo inarudishwa, amri ya eret inashusha daraja, na programu inaendelea na mstari uliofuata kana kwamba haikutoka hata hatua moja.

Haya yote hujirudia maelfu ya mara bila simu kusita. Kerneli haimwamini mgeni yeyote, na bado inamhudumia haraka. Mama alikuwa amekwisha kufuta debe kwa kiganja, anamkaribisha mteja mwingine.