Helikopta za Birmingham na Sikio la Msikilizaji wa Taarab

Mwezi Agosti mwaka 2012, mjini Birmingham, wapigaji wanne wa fidla, viola na selo waliingia kila mmoja katika helikopta yake, wakaruka na kupiga muziki wao huko huko angani. Sauti ya kila ala, pamoja na mngurumo wa helikopta yenyewe, ilinaswa kwa maikrofoni, ikaletwa chini kwa mawimbi, ikachanganywa na kusikilizishwa watu waliokaa katika kiwanda kilichoachwa cha Argyle Works, mtaa wa Digbeth. Wengine waliipokea majumbani kwa njia ya intaneti. Wapigaji walikuwa Elysian Quartet. Kazi yenyewe, Helikopter-Streichquartett, ni ya Mjerumani Karlheinz Stockhausen (1928–2007), nayo ni onyesho moja katika opera yake Mittwoch aus Licht, ambayo haikuwahi kuonyeshwa yote kwa pamoja mpaka Birmingham Opera Company, ikiongozwa na Graham Vick, ilipothubutu kufanya hivyo.

Msomaji wa jarida hili atauliza: sisi linatuhusu nini jambo hili? Birmingham tunaijua kwa kurasa kongwe za Mus-hafu zilizomo katika mkusanyiko wa Mingana, ambazo khabari zake zilienea duniani mwaka 2015. Helikopta na fidla ni mambo mengine. Hata hivyo, nimeirejea rekodi ya kazi hii mara kadhaa, na kila mara imenirudisha kwenye suala la kwetu: msikilizaji ana nafasi gani katika muziki anaoletewa kwa hewa?

Tuanze na yale waliyoyasema watu. Tangu kazi hii ilipopigwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, tarehe 26 Juni 1995, wasikilizaji wamegawika makundi mawili. Kundi moja husema ni kelele na israfu. Kabla ya hapo, mpango wa kuipiga Salzburg ulikwama, na miongoni mwa waliopinga walikuwa watu wa chama cha Kijani cha Austria, waliolalamikia uchafuzi wa hewa. Kundi la pili husema ni kazi ya ajabu isiyo na mfano, na wahakiki wengi wa magazeti ya Uingereza walikuwa upande huo mwaka 2012. Nionavyo, makundi yote mawili yanahukumu helikopta, si muziki. Anayelaani analaani mafuta na gharama. Anayesifu anasifu ushujaa wa kuruka. Wachache mno husema nini fidla ya kwanza ilifanya.

Ukisikiliza kwa utulivu, mpango unasikika. Mapanga yanapoanza kuzunguka, nyuzi nazo huanza kupanda pamoja nayo, kwa mtetemo wa upinde wa haraka usiokatika. Angani, nyimbo za wapigaji wanne hupishana na kuvukana, mmoja akishuka pale mwenzake anapopanda, huku wapigaji wakitamka namba kwa Kijerumani. Helikopta zinapotua, sauti zote huteremka na kuzimika. Kwa hiyo si fujo. Kasoro ni kwamba sikio haliwezi kumkamata mpigaji aliyekosea: noti ikiteleza, injini huifunika.

Na hilo si jambo dogo. Tarehe 5 Juni 1961 Idhaa ya Tatu ya BBC ilitangaza kipande cha takriban dakika 12, kilichosemwa kuwa ni cha kijana wa Kipoland aitwaye Piotr Zak. Zak hakuwahi kuzaliwa. Hans Keller na Susan Bradshaw waliingia studioni, wakagonga ala ovyo ovyo, wakarekodi. Wahakiki wa The Times na The Daily Telegraph walikiandikia tahakiki kama kazi ya kweli. Hawakukipenda, lakini hawakutambua kuwa ni mzaha. Wengi hucheka hapa na kusema muziki wa majaribio wote ni udanganyifu. Mimi nasoma vingine. Masikio ya wahakiki yaliwaambia kweli, kwamba kitu hiki hakina thamani. Walichokosa ni kipimo cha kuwawezesha kusema kwa yakini kwamba hiki si muziki kabisa. Msikilizaji asiyejua kosa likoje hana pa kusimama.

Msikilizaji wa taarab anapo pa kusimama. Akitoka mwimbaji nje ya makamu, ukumbi unajua. Akipatia, mtu huinuka na kwenda kumtunza mbele ya watu, na tuzo hilo ni hukumu. Adabu hiyo ina nasaba ndefu. Kunasimuliwa kwamba Sultan Barghash, aliyetawala Zanzibar tangu 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Misri kujifunza kanuni, na klabu ya Ikhwani Safaa ikaundwa mwaka 1905. Baadaye redio ya Cairo ikaleta Alkhamisi za Umm Kulthum. Katika matangazo yale husikii mwimbaji peke yake. Wasikilizaji ukumbini wanapaza sauti, naye anaurejea mstari kwa sababu wameuomba. Jibu la msikilizaji lilikuwa sehemu ya muziki uliorushwa hewani, na neno la Kiarabu tarab linataja hali hiyo hiyo inayompata msikilizaji.

Kumbe Stockhausen naye alilifikiria jambo hili. Aliagiza pawepo msimamizi wa kuieleza kazi kabla ya safari, na baada ya kutua awaite wapigaji na marubani mbele ya hadhira ili waulizwe maswali. Birmingham kazi hiyo ilifanywa na mtangazaji wa redio Nihal. Naona hii ndiyo sehemu ya kiungwana kabisa katika onyesho zima, kwani inakiri kwamba muziki haujakamilika mpaka aliyeusikia aseme neno. Lakini neno lenyewe linakuja baada ya injini kuzimwa. Msikilizaji anaruhusiwa kuuliza. Kurejesha mstari hawezi. Hapo Cairo ya Umm Kulthum inaipita Birmingham.

Wala asije mtu akadhani kwamba majaribio ya sauti ni mali ya Ulaya na sisi ni watu wa mapokeo tu. Mwaka 1944 Mmisri Halim El-Dabh (1921–2017) aliazima mashine ya kurekodia ya waya katika stesheni ya redio mjini Cairo, akarekodi sauti za zari, kisha akazichezea kwa mwangwi na kuziondolea baadhi ya sehemu zake mpaka zikawa kitu kipya. Ilikuwa miaka minne kabla ya majaribio mashuhuri ya Pierre Schaeffer katika redio ya Paris. Na zari ni nini, kama si jamaa wa ngoma za pepo za pwani yetu na za Ghuba? Mzizi mmoja wa muziki huu unaoitwa mgeni umepandwa katika udongo tunaoujua.

Hukumu yangu ni hii. Onyesho la Birmingham lilistahili kufanywa na linastahili kusikilizwa, kwa sharti kwamba msikilizaji afumbe macho na kuzisahau helikopta. Ila funzo kubwa kwetu limo katika ile kanuni ya maswali. Tunapohifadhi urithi wa redio zetu, tunakimbilia utepe na sauti ya mwimbaji. Tangu Cairo ilipoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, na BBC mwaka 1957, kulikuwa na watu waliokaa mbele ya redio, wakabishana, wakalia, wakazima kwa hasira. Baadhi yao bado wapo, Unguja, Mombasa, Maskati na huko huko Uingereza. Walichokisikia ni nusu ya taarikhi ya muziki wetu, na hakimo ndani ya utepe wowote. Wakiondoka bila kuulizwa, tutabaki na sauti ya mwimbaji katika ukumbi usio na watu.