Ukiona Vyaelea: Uhakiki wa Picha za Tai Mla Samaki

Ni chache taswira za wanyama wa porini zilizoenea katika kalenda, vitabu na mabango ya utalii ya Afrika Mashariki kama ile ya tai mla samaki, ndege ambaye wengine humwita furukombe. Kichwa chake ni cheupe, tumbo lake la hudhurungi, na mabawa yake meusi. Katika taswira hiyo mabawa yameinuliwa juu, miguu imenyoshwa mbele, kucha zimepanuka, na samaki yu karibu kunyakuliwa huku matone ya maji yakimetameta. Makala haya yanakusudia kuichunguza picha hiyo kama tunavyochunguza kazi nyingine yoyote ya sanaa, kwa fani yake na kwa maudhui yake, na kuuliza swali moja: samaki yule alifikaje pale?

Tuanze na fani. Kumpiga picha ndege mwindaji angani ni kazi ngumu, nayo ina historia ya kuheshimika. Mnamo mwaka 1882 mwanasayansi Mfaransa Étienne-Jules Marey alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki, iliyoweza kupiga picha 12 kwa sekunde moja, ili apate kuona jinsi bawa linavyokwenda. Huko Uingereza Eric Hosking alipoteza jicho lake la kushoto mwaka 1937 baada ya kushambuliwa na bundi, lakini hakuiacha kazi yake. Mwaka 1948 alipata picha mashuhuri ya bundi akiruka na windo lake mdomoni, mabawa yamekunjuliwa pande zote mbili kama ya ndege wa kwenye nembo. Siku hizi kamera huweza kupiga picha nyingi zaidi kwa sekunde, na lenzi yenyewe humfuata ndege anakokwenda.

Hata hivyo, hakuna kamera iwezayo kumlazimisha tai awinde. Tai mla samaki hukaa mtini sehemu kubwa ya siku, akitazama tu. Mpiga picha aliyelipia mashua kwa saa moja huenda akarudi na picha ya ndege aliyetulia tawini. Kwa sababu hiyo, katika maziwa kama Naivasha na Baringo nchini Kenya, pamezoeleka njia ya mkato. Mwendesha mashua huchukua samaki mdogo aliyekwisha kufa, na pengine humchomeka kijiti chepesi au kipande cha funjo ili asizame. Hupiga mluzi, akamrusha samaki majini. Tai aliyezoea wito huo huacha tawi lake na kushuka. Mpiga picha amekwisha kujiweka tayari, jua likiwa mgongoni mwake, kwani anajua mahali hasa ambapo ndege atafika.

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hiyo tumezoea kuifundisha kama sifa kwa jasho lililojificha nyuma ya jambo zuri. Hapa yafaa tuisome pia kama swali la mhakiki: vimeundwa na nani?

Sisi walimu wa lugha tunalo jina la jambo hili. Kauli ya kutendwa humruhusu msemaji kumwacha mtendaji nje ya sentensi. Tukisema "samaki alitupwa", msikilizaji bado anajua kwamba yuko aliyemtupa, na anaweza kuuliza. Picha ya kalenda imekwenda mbali zaidi, kwa kuwa imekifuta hata kitendo chenyewe. Anayeitazama husoma sentensi moja tu: "Tai anamnyakua samaki ziwani." Sentensi hiyo si ya uongo, lakini haisemi jambo lote.

Hasara ya kwanza imo katika maudhui. Maisha ya ndege huyu ni mapana kuliko ushindi. Huwania samaki waliokaribia uso wa maji, na mara nyingi huwakosa. Huwapokonya ndege wengine mawindo yao. Akimshika samaki mzito asiyeweza kumwinua, huweza kumkokota hadi ufukweni, akipiga maji kwa mabawa kama makasia. Mambo hayo hayaonekani katika kalenda, na mtoto aliyekua akiitazama hudhani kwamba tai hakosi kamwe.

Hasara ya pili inamhusu mtu. Mwendesha mashua ndiye ajuaye tai gani hukaa mti gani, upepo unavuma kutoka wapi, na samaki arushwe umbali gani ili ndege aje akiikabili kamera. Kwa hakika yeye ni mshiriki katika usanii. Hulipwa nauli yake, lakini jina linaloandikwa chini ya picha ni la mwenye kamera peke yake. Waalimu wa fasihi simulizi wanaifahamu hali hii: ngano ngapi zimechapishwa kwa jina la mkusanyaji, na bibi aliyezisimulia hakutajwa?

Hasara ya tatu ni ya fani yenyewe. Kwa kuwa mahali, jua na kitendo vimepangwa, picha hizi zimefanana mno. Ukiondoa majina ya wapigaji, ni shida kuitambua kazi ya mmoja na ya mwingine. Hazina upeo wa macho, hazina mti, hazina ufuko. Tai huyo angeweza kuwa katika ziwa lolote.

Yuko atakayepinga kwamba ndege huyo ni wa porini, amekuja kwa hiari yake, na kwamba mwendesha mashua hupata riziki. Hoja hiyo ina uzito. Ni kweli pia kwamba jambo hili si sawa na lile la shindano la picha za wanyama la Makumbusho ya Historia ya Asili ya London, ambapo picha ya mbwamwitu iliyoshinda mwaka 2009 ilinyang'anywa tuzo mwaka 2010, waamuzi walipoona kwamba yaelekea mnyama yule alikuwa wa kufugwa. Mpiga picha alikana. Tai wa Naivasha hakufugwa. Kilichopangwa ni tukio. Kwa hiyo sidai kwamba desturi hii ipigwe marufuku, ijapokuwa ndege aliyezoezwa kuifuata mashua huenda siku moja akaifuata mashua ya mtu mbaya. Ninachokipinga ni ukimya.

Kuna picha za namna nyingine. Kwenye Mfereji wa Kazinga hapa Uganda, ndani ya hifadhi ambamo kuwalisha wanyama hakuruhusiwi, mpiga picha hana budi kungoja. Akipatacho pengine ni tai mdogo katika picha kubwa, akiinuka majini mikono mitupu, kama tusemavyo, nyuma yake kukiwa na ukingo, vichaka na viboko. Muuza kalenda ataikataa. Mhakiki ataona ndani yake mahali, tukio na mashaka, yaani mambo yanayoifanya hadithi iwe hadithi.

Walimu wenzangu, picha ya tai yaweza kutufaa darasani. Itundikwe ukutani, na wanafunzi waandike maelezo yake mara tatu: kwanza kwa kauli ya kutenda, pili kwa kauli ya kutendwa pamoja na mtendaji wake, tatu kama anavyoisimulia mwendesha mashua. Kisha wachague maelezo yanayostahili kuchapishwa. Kwa upande wangu ningeridhika na haya: "Tai mla samaki, Ziwa Naivasha. Samaki alitupwa na mwendesha mashua," likifuatiwa na jina lake kamili. Nafasi ya mstari huo haijawahi kukosekana katika kalenda yoyote.