UHAKIKI: Ubeti wa Shairi Ndani ya Faili la XML

Katika makala haya tunahakiki jambo ambalo wengi wetu huwaachia wataalamu wa kompyuta: jinsi programu zinavyozalisha hati za XML kutokana na mashairi ya Kiswahili. XML iliidhinishwa na shirika la W3C mwaka 1998. Mradi wa Text Encoding Initiative, ulioanza mwaka 1987, una lebo maalumu za ushairi: "lg" kwa ubeti na "l" kwa mshororo.

Lebo hizo zinafaa. Kasoro imo katika programu zinazozipachika. Programu nyepesi huandika "l" mpya kila inapokuta mwisho wa mstari. Tuchukue tarbia yenye mishororo minne ya mizani 16, yaani ukwapi 8 na utao 8. Safu ya gazeti ikiwa nyembamba, utao hushushwa chini ya ukwapi. Programu itahesabu mishororo minane, na vina vya kati vitageuka kuwa vya mwisho. Hata hivyo lebo zote zimefungwa, na kikaguzi kitalipitisha faili hilo. Mwanafunzi akilitumia kuchunguza arudhi, atapata majibu ya uongo.

Kosa la pili ni kuunganisha vipande vya maandishi badala ya kujenga mti wa elementi. Neno "ng'ombe" likiwekwa katika sifa iliyozungushiwa alama moja moja za kunukuu, ritifaa huifunga sifa mapema na faili zima hukataliwa. Maktaba ya ElementTree, iliyomo katika Python tangu toleo la 2.5 la mwaka 2006, hujenga mti na kuzishughulikia alama hizo yenyewe.

Tofauti ya makosa haya ni kubwa: la ritifaa hujitangaza, la ubeti hukaa kimya. Kwa hiyo ni maoni yetu kwamba programu ipewe kanuni za arudhi kabla ya kupachika lebo. Kuhesabu mizani pekee hakutoshi, kwani utenzi nao huwa na mishororo ya mizani 8. Mpangilio wa vina ndio utakaoamua. Kisha ukwapi na utao viwekwe katika "seg" mbili ndani ya "l" moja, na ubeti wenye shaka utiwe alama ili mwalimu ausome.

Anayejua kuandika programu huenda hajui utao ni nini. Sisi tunajua, na kazi hiyo haitafanyika vizuri bila sisi.