Chukudu ya dhahabu na chukudu ya mti

Tangu 2009 sanamu ya chukudu inasimama hapa Goma, imepakwa rangi ya dhahabu. Naisifu, lakini ile dhahabu inafunika mti. Huku Ndosho, kwenye barabara ya Sake, chukudu inajulikana kwa mti wake. Fundi anauchonga kwa panga na tezo, gurudumu analivika mpira wa gari uliochakaa, na pale goti la msukumaji linapokaa anapigilia kipande cha kiatu kikuukuu. Hapo njo uzuri wake uko! Ubao unang'aa kwa jasho. Sanamu haijabeba hata gunia moja la makala. Siku watatengeneza ingine, waache mti mtupu, na waanze kwa kumuuliza fundi.