Zenzi Hakumlipa Mtu

Binamu yangu akija kunitembelea Lavington, tunaanza kugombana kabla chai haijachemka. Mimi nakaa kwenye SQ nyuma ya nyumba ya wenyewe, yeye anatoka Kawangware kwa mguu, na ugomvi ni uleule: Black Panther ya Ta-Nehisi Coates. Si filamu. Komiki.

"Cuzo, hii kitu inaboo," ananiambia. "Mfalme ako na suti ya vibranium halafu anakaa tu anafikiria."

Hajakosea sana. Toleo la kwanza lilipotoka Aprili 2016, maduka yaliagiza zaidi ya nakala 250,000, na wengi walitaka kumwona Chui akirarua watu. Coates, ambaye tulimjua kwa insha, akawapa wachimbaji wa vibranium wanaomgeukia mfalme wao. Akawapa Aneka, mlinzi wa kifalme aliyemuua chifu mmoja kwa kuwadhulumu wasichana, akahukumiwa kifo. Ayo, mpenzi wake, anaiba mavazi ya vita ili kumtoa jela. Kuna kurasa nyingi ambazo T'Challa hayupo kabisa, na wala humtafuti.

Wanaolalamika husema siasa zimeingizwa kwenye komiki. Wapi! Stan Lee na Jack Kirby walipombuni huyu jamaa 1966 walimkalisha juu ya madini ambayo kila mtu anayatamani. Siasa zilikuwepo. Nadhani shida ni kwamba komiki nyingi za mashujaa hukuvalisha suti wewe msomaji. Hii inakuvua, inakuambia wewe ni raia, shika foleni. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, kwa hivyo foleni nazijua.

Lakini ugomvi wetu hasa ni kuhusu Zenzi. Uwezo wake ni kugusa hisia za umati. Anasimama karibu na wachimbaji, wanalipuka.

"Hao walichochewa," binamu anasema. "Bila huyo dem wangerudi kazini."

Mimi namjibu kwamba Coates anamwita Mfunuaji. Hapandi hasira, anafunua iliyokuwepo. Na tangu Juni 2024 siwezi kusoma kurasa hizo nikiwa nimetulia. Tuliambiwa mara ngapi kwamba kuna mtu nyuma yetu, kwamba kuna aliyelipa? Binamu yangu alikuwa tao ile tarehe 25. Vitoza machozi vilimfanya macho yakawa kama nyanya, na hakuna aliyempa hata nauli, alirudi Kawangware kwa mguu. Huyohuyo ndiye anamtetea mfalme.

Nilipomuuliza inakuwaje, alinyamaza kidogo. "Hiyo ni Wakanda. Acha niwe na kiongozi mmoja poa, hata kama ni wa kuchorwa."

Sikuwa na jibu. Bado sina.

Coates naye simwachi. Ukishaipa hasira ya watu mchawi wa kuiwasha, umemwachia mlango msomaji asiyetaka kuwasikiliza wachimbaji. Halafu T'Challa anajieleza huzuni yake hadi unatamani Brian Stelfreeze aachwe achore tu, kwa sababu ile sura tayari imesema. Na kiongozi mwenzake Zenzi anaitwa Tetu! Kwa Mkenya hilo ni eneo bunge la Nyeri. Kila akitokea na fimbo yake mimi nasubiri aombe kura. Kuhusu 2018, Wakanda ilipopelekwa angani kuwa dola la nyota, hapo hata mimi nilichoka.

Ila uasi ule unaishia kwenye mazungumzo ya katiba mpya. Nilikuwa shule ya msingi Katiba ya 2010 ilipopitishwa, na nakumbuka watu wazima wakishangilia kitu ambacho sikukielewa. Kurasa hizo zilinikaba koo. Binamu aliziruka.

Jumapili iliyopita aliniomba kitabu aende nacho. Alisema anataka tu kuangalia tena ile sehemu ya mgodi, si eti amebadilisha mawazo. Hajakirudisha.