Makumbusho ya Michezo na Bendeji ya Akhwari

Hivi siku tukijenga makumbusho ya taifa ya michezo hapa Tanzania, mlangoni tutaweka nini? Wengi mtasema: picha ya John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu, akichechemea na bendeji mguuni, Mexico City, 1968.

Sina ugomvi na picha. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda marathoni ile kwa saa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani giza limeshatanda, akamaliza kwa 3:25:27, wa 57 na wa mwisho. Walioanza walikuwa 75. Wengine waliishia njiani.

Ugomvi wangu ni na masimulizi, na naanza na yangu. Nimeiandika habari hii gazetini si mara moja, na kila mara kalamu iliishia kwenye bendeji. Miaka miwili baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, Akhwari alikimbia marathoni kwa 2:15:05, akawa wa 5. Hilo sikuwahi kuligusa. Nilimfanya shujaa wa kushindwa, nikamnyima mbio zake.

Makumbusho nayo ni maandishi, jamani: kuna anayechagua aya ya kwanza na ya mwisho. Bendeji peke yake kwenye kabati la kioo inatufundisha kumhurumia mtu. Ikikaa pamoja na Edinburgh, jirani na Filbert Bayi na rekodi yake ya dunia ya mita 1500, Christchurch 1974, mgeni ataelewa kwamba aliyechechemea siku ile alikuwa mkimbiaji hasa.