Jicho Linalopima Chuma

Kocha hatazami misuli. Kijana anaingia kwenye kile kibanda cha mabati kule Temeke, anaamkia, anavua fulana, anakaza kifua na kungoja asifiwe. Macho ya mzee yako chini, kwenye nyayo. Zinakanyagaje? Uzito umelalia kisigino au vidole? Goti lipi linakwepa? Kisha anamwonyesha bomba tupu lililoegemea ukuta. "Anza na hilo, mwanangu." Wengi hununa, maana wamekuja kubeba vyuma, nao wamepewa bomba la maji. Mzee hajali. Amekaa juu ya tairi la lori, viganja magotini, anafuata lile bomba linavyopanda na kushuka. Pande zote mbili zinakwenda pamoja, au wa kulia unatangulia? Linateremshwa, au linaachwa lianguke? Mara ya nane imefanana na ya kwanza? Bomba linaporudi ukutani, yeye keshajua kijana ataanza na kilo ngapi leo, na kwa kiasi kikubwa keshajua, panapo majaaliwa, atakuwa amefika wapi mfungo ujao.

Namsifu mzee huyu, yeye na wenzake wachache waliobaki katika miji yetu, kwa sababu ufundi wao hauhesabiwi kuwa ufundi. Seremala huacha kabati, mshonaji huacha kanzu. Anayejua kupima nguvu za mtu na kuzikuza bila kumvunja haachi chochote cha kuonyesha isipokuwa watu wenyewe: mchukuzi wa Kariakoo ambaye mgongo wake ungali umenyooka, mlinzi wa usiku, fundi magari, mama wa makamo anayejitwika ndoo yake bila kuita mtoto.

Vyuma vya pale havikununuliwa dukani. Vingine ni gia na flaiwili za malori zilizotoka Gerezani kwa wauza vyuma chakavu, zenye meno na harufu ya grisi isiyokwisha hata zisuguliwe vipi. Lakini vingi ni zege. Zege la kawaida huwa na karibu kilo 2.4 kwa kila lita, kwa hiyo kopo la rangi la lita 4 likijazwa vizuri hukaribia kilo 10, na ndoo ya lita 20 hukaribia 48. Kukaribia si kufika. Fundi akizidisha mchanga na kupunguza kokoto uzito hupungua. Maji yakizidi zege hubaki na vitundu. Kopo moja likibonyezwa upande hupoteza robo kilo. Mtu asiyejali huchomeka makopo mawili yanayofanana pande mbili za bomba na kudhani yamelingana. Baada ya miezi bega moja linaanza kuuma, na mwenye bega anasingizia godoro.

Kocha hakubali makopo pacha ya kudhania. Kila kopo lilikwenda kwenye mizani ya muuza vyuma chakavu kabla ya kuingia kibandani, na likarudi na uzito wake umeandikwa kwa rangi nyeupe, hadi nusu kilo. Lililopungua liliongezewa udongo wa saruji juu, likakaushwa, likapimwa tena. Nimeyashika makopo yale na kusoma zile namba zilizoandikwa kwa mkono usio na haraka, na sijaona jambo lililonigusa zaidi katika mchezo huu wote. Hakuna mkaguzi angekuja. Hakuna mashindano yangefanyika pale. Ni mtu tu aliyeona kwamba anayekabidhiwa mzigo ana haki ya kuujua ukweli wake.

Halafu kuna nati. Amezitunga kwenye waya, nati za magurudumu ya lori, katika mafungu ya nusu kilo. Hizo ndizo siri ya maendeleo pale kibandani, wala hazifichwi. Anayebeba kilo 100 akiongezewa 5 ameongezewa sehemu moja ya ishirini. Anayebeba 30 akiongezewa hizo hizo 5 amepewa sehemu moja ya sita, na hapo ndipo wanawake na vijana wembamba hukata tamaa na kuambiwa hawana nguvu. Nguvu walikuwa nazo. Aliyewaongoza hakuwa na kitu kidogo cha kuongeza. Mzee hufunga fungu moja kila upande, hasemi kitu, na yule mama wa makamo hubeba kilo moja zaidi ya wiki iliyopita. Wiki nyingine tena. Papo kwa papo kamba hukata jiwe, walisema waliotutangulia, na sijui kama kuna mahali methali hiyo inaonekana kwa macho kuliko kwenye zile nati.

Kipimo chenyewe hakimo kwenye kilo. Mtu akilala kwenye benchi na kupiga kumi, Kocha hahesabu kumi, anatazama ya saba, ya nane na ya tisa. Chuma kikianza kupungua kasi polepole, kikapita mahali pagumu bila kiwiliwili kujinyonga, kilo hizo zimekuwa za mtu huyo na anaweza kuongezewa. Kikisimama ghafla katikati, makalio yakanyanyuka kwenye benchi, kiwiko kimoja kikatangulia, basi kilo hizo bado ni za kuazima, hata kama chuma kimefika juu. Siku hiyo humrudisha chini. Anamrudisha bila kumfedhehi, kwa sauti ya kawaida, kama anayemwomba amsogezee kiti. Na mtu akishusha chuma bila kugusa kifua, au akichuchumaa nusu, mara hiyo haihesabiwi kabisa. Nyonga ishuke chini ya goti. Isiposhuka, kilichobebwa ni kitu kingine chenye jina hilo hilo.

Ukali huo una historia kubwa nyuma yake. Hadi mwaka 1972, huko Munich, wanyanyua vyuma wa Olimpiki walishindana pia kusukuma chuma kutoka mabegani hadi juu ya kichwa kwa nguvu za mikono peke yake, mwili ukiwa wima. Kidogo kidogo wakaanza kuegemea nyuma. Leo kidogo, kesho zaidi, mpaka wengine wakawa karibu wamelala huku wamesimama, na kilo zikapanda mwaka hadi mwaka. Waamuzi walishindwa kukubaliana nani amesukuma na nani amejipinda. Baada ya michezo ile mtindo huo ukaondolewa, haujarudi hadi leo. Rekodi zilikuwa zikiongezeka wakati mchezo unakufa. Ningependa kila kijana anayejirekodi akipiga benchi ajue kisa hicho.

Watu walikuwa wakipimana nguvu kabla ya vyuma kuwepo, na walipimana kwa sababu maisha yalitegemea. Kule Iceland, kwenye ufukwe wa Djúpalónssandur, yangalipo mawe manne yaliyotumiwa na wavuvi kupimia mabaharia wa mashua za makasia. La kwanza, Fullsterkur, lina kilo 154, Hálfsterkur 100, Hálfdrættingur 54, na la mwisho, Amlóði, 23. Jiwe lilitakiwa kuinuliwa hadi kwenye mwamba wa kimo cha nyonga, na aliyeshindwa na lile la kilo 54 hakuonekana kufaa kwenda baharini. Nayapenda mawe hayo kwa jambo moja: wenzako waliokuona ukiinua ndio ambao kesho ungevuta kasia nao. Hakuna aliyekuwa na faida ya kujidanganya. Kwetu sisi gunia lilifanya kazi hiyo. Bandarini na sokoni, kilo 100 za mahindi zilijua nani ni mchukuzi na nani amekuja kutembea, na lumbesa, gunia lililoshindiliwa na kuvimba juu ya kipimo halali, ilivunja migongo ya watu ambao hawakuwa na nafasi ya kusema huu si uzito tuliokubaliana. Mzee wetu alianza maisha yake chini ya magunia hayo. Naamini ndipo chuki yake dhidi ya kilo za uongo ilipozaliwa.

Wapo wanaodhani nguvu zinaonekana kwa umbo. Naim Süleymanoğlu wa Uturuki alipokwenda Seoul mwaka 1988 alishindana katika kundi la kilo 60, mtu mfupi ambaye ungempita barabarani bila kugeuka, na akainua kilo 190 juu ya kichwa chake, zaidi ya mara tatu ya uzito wa mwili wake. Mwili mdogo hubeba zaidi kwa kila kilo yake, kwa sababu nguvu hufuata unene wa msuli ulivyo ukiukata, ilhali uzito hufuata mwili mzima, na mwili ukikua uzito hukimbia mbele ya nguvu. Ndiyo maana Kocha hamlinganishi baunsa na fundi cherehani. Kila mmoja analinganishwa na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita, kwenye daftari la mistari lenye jalada lililochakaa.

Daftari hilo linafundisha subira kuliko hotuba yoyote. Wiki za mwanzo kilo hupanda haraka, na mgeni hudhani misuli imekua. Bado. Mishipa ya fahamu ndiyo inayojifunza kuiamsha misuli iliyokuwepo tangu zamani. Msuli huja baadaye, na kano zinazoufunga kwenye mfupa huja nyuma zaidi, kwa mwendo wao. Hapo katikati ndipo watu wengi huumia: msuli uko tayari, kano bado. Kocha hajasoma hayo kitabuni, lakini ukitazama daftari lake utaona kila mtu, karibu mwezi wa tatu au wa nne, amewekwa kwenye kilo zile zile wiki kadhaa, bila kupanda, huku akinung'unika. Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani aliyewatibu askari majeruhi, alichapisha mwaka 1945 njia yake ya kurudisha nguvu za miguu: mtafutie mgonjwa uzito mkubwa kuliko wote anaoweza kuuinua mara 10, mpime upya kila wiki, uzito upande naye. Wakati ule wengi waliamini mgonjwa apewe kitu chepesi akirudie mara nyingi. DeLorme aliwapa askari mzigo wa kweli, lakini aliwapima kwanza, na hakuacha kuwapima. Mambo hayo mawili hayatengani.

Sasa yametenganishwa. Kumbi mpya zina vioo kila upande, feni, muziki, na vyuma vya rangi vilivyoagizwa nje, sahihi hadi gramu. Sizichukii. Uzito sahihi ni jambo jema, na ni vizuri kuona wasichana wakiingia bila kuzomewa mlangoni. Kinachoniuma ni kwamba vyuma vimekuwa sahihi na watu wameacha kutazamana. Kila mmoja ana simu. Anaandika umri, uzito wa mwili na kilo alizobeba, simu inamwambia yuko daraja gani: wa kuanza, wa kati, wa juu. Baadhi ya majedwali hayo yametokana na namba walizojaza watu wenyewe, ambao hakuna aliyewaona nyonga zao zimeshuka hadi wapi. Hata ile hesabu ya mkufunzi wa mazoezi Boyd Epley wa Nebraska, unayochukua kilo, ukazizidisha kwa idadi ya marudio, ukagawa kwa 30, ukaongeza jibu juu ya kilo zile zile na kujua kilele chako, inayosema kwamba aliyepiga kumi kwa kilo 60 angebeba 80 mara moja, ni hesabu nzuri ikiwa kumi zile zilikuwa kumi. Simu haijui. Inapokea unachoiambia na kukupa jina la daraja, na kijana anatoka pale akilinda jina hilo kwa kuongeza kilo na kupunguza kina. Namba zikigoma kupanda, wapo watakaomnong'oneza kuhusu sindano. Nimewaona waliosikiliza. Misuli yao iliwahi, kano hazikuwahi, na wengine leo hawawezi kuinua mkono kuchana nywele.

Kibandani ada ya siku haizidi bei ya chai na chapati, na mzee huwaachia wasio nayo. Anayepiga chuma hana pa kujificha, kwa sababu waliokaa kwenye tairi nyingine, wakingoja zamu, nao wameshafundishwa kutazama. Ukipiga nusu watasema nusu. Ukiongeza kilo moja ya haki watapiga makofi ya kweli, na sijui sifa tamu kuliko hiyo, inayotoka kwa watu wanaojua umebeba nini.

Wanaotaka kunyanyua vyuma leo ni wengi kuliko nilivyowahi kuona. Anayetaka kukaa pembeni saa mbili, macho kwenye nyayo za mwenzake, ni adimu. Alikuwepo mmoja, kijana mwenye jicho zuri kweli; aliweza kukwambia utashindwa mara ya ngapi kabla hujashika bomba, na Kocha alikuwa ameanza kumwachia daftari jioni za Jumamosi. Ukumbi mmoja mkubwa ukamwajiri kwa mshahara ambao kibanda kisingeweza kuulipa, na hakuna anayeweza kumlaumu. Huko anasimamia watu kumi na tano kwa wakati mmoja, kipaza sauti shingoni, akihesabu kwa sauti ili waende pamoja na muziki.